Maswali ya Wasomaji: Faranga, kwacha, shilingi na dola katika lahajedwali moja la safari

SWALI. Jambo, Mwalimu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nanunua nguo na viatu Kariakoo, Dar es Salaam, na njia yangu hupitia Kasumbalesa, Ndola, Kapiri Mposhi na Tunduma, kwa hiyo katika safari moja mkoba wangu hubeba faranga za Kongo, dola, kwacha na shilingi za Tanzania. Kijana wangu alinifungulia lahajedwali la Excel, akanionyesha jinsi ya kuipa kila seli alama ya fedha yake. Lapendeza machoni, lakini jumla inayotoka chini haina maana yoyote kwangu, na nikibadili alama ya jumla hiyo kutoka FC kuwa dola, tarakimu zinabaki zile zile. Je, Excel haijui kwamba kwacha si faranga?
*Mama wa Katuba*

JIBU. Salamu, Mama, na pole kwa njia. Excel kweli haijui, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Alama ya fedha unayoiweka kwenye seli ni vazi tu, na aliyevaa koti la daktari hajawa daktari kwa sababu hiyo. Ndani ya seli inayoonyesha "345 K" mna namba 345 peke yake, na ndani ya ile inayoonyesha "75 000 TSh" mna 75000, basi. Fomula ya jumla husoma kilichomo ndani ya seli, wala haitazami alama iliyoandikwa juu yake.

Tuchukue mistari minne ya safari kama yako. Chakula Kasumbalesa faranga 11,500. Basi la kwenda Ndola kwacha 345. Chumba Dar es Salaam shilingi 75,000. Na dola 40 ulizomlipa wakala wa mizigo. Excel itakujumlishia 86,885, na ukiivika jumla hiyo alama ya dola, utaonekana umetumia mali ya tajiri kwa siku moja. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba dola moja ilikuwa sawa na faranga 2,300, kwacha 23 au shilingi 2,500. Chakula kinakuwa dola 5, basi dola 15, chumba dola 30, na pamoja na zile 40 jumla ni dola 90. Namba 86,885 haikuwa na uhusiano wowote na safari hiyo.

Kwa hiyo jina la sarafu lisiwe pambo la seli, liwe habari inayoandikwa katika safu yake yenyewe. Panga safu sita: A tarehe, B maelezo, C sarafu, D kiasi, E kiwango, F thamani kwa dola. Katika safu C andika vifupisho vya herufi tatu vya kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, yaani CDF kwa faranga ya Kongo, USD kwa dola ya Marekani, ZMW kwa kwacha na TZS kwa shilingi ya Tanzania. Vifupisho hivi vinashinda alama, kwa kuwa alama ya dola hutumiwa na nchi nyingi, faranga ziko pia Rwanda na Burundi, na herufi K vijana wetu huiandika wakimaanisha elfu. Ukikuta lahajedwali la kuazima lenye ZMK, ujue ni la zamani: kwacha ilipunguziwa sifuri tatu tarehe 1 Januari 2013, na kifupisho chake kikabadilika siku hiyo kuwa ZMW.

Safu F ndiyo inayofanya kazi uliyoitarajia kutoka kwa alama. Katika mstari wa pili wa lahajedwali fomula yake ni =D2/E2, na kwa mistari ya dola kiwango kinakuwa 1. Jumla moja ya safari ipigwe kwenye safu F tu. Ukitaka kujua umetumia kwacha ngapi peke yake, andika =SOMME.SI(C:C;"ZMW";D:D), ambayo hujumlisha kiasi cha mistari yenye ZMW na kuacha mingine yote. Nimeandika kwa Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyojaa katika kompyuta za mji wetu.

Je, uiache ile sura nzuri uliyoizoea? La, sura ina faida yake, maana jicho likiona 75,000 bila alama huweza kuzidhania faranga. Ila badala ya kuivika kila seli kwa mkono, acha safu C iamue. Chagua seli zote za safu D kuanzia D2, fungua "Mise en forme conditionnelle" (umbizo, yaani sura ya seli, linalofuata sharti), kisha "Nouvelle règle", na uchague kanuni inayotumia fomula. Andika =$C2="ZMW", ubonyeze "Format", uende kwenye ukurasa wa "Nombre". (Alama ya dola iliyo mbele ya C haihusu fedha hata kidogo, inaiambia Excel ishikilie safu hiyo.) Hapo usiandike umbizo lote kwa vidole, kwa sababu nafasi inayotenganisha maelfu katika mpangilio wa Kifaransa si lazima iwe nafasi ya kawaida ya kibodi. Chagua kwanza aina ya "Nombre", weka desimali mbili na kitenganishi cha maelfu, halafu uende "Personnalisée", ambako utakuta umbizo limekwisha kuandikwa. Wewe ongeza mwishoni " K" pamoja na alama zake za kunukuu. Rudia kwa sarafu nyingine. Dola na kwacha zipewe desimali mbili, kwa kuwa senti na ngwee huandikwa katika bei, lakini faranga na shilingi zisipewe desimali hata moja, maana hakuna atakayekurudishia nusu faranga. Seli ikionyesha alama za reli, #####, hakuna kilichoharibika: safu ni nyembamba kuliko mamilioni yako, ipanue.

Sasa tufike kwenye kiwango, ambako ndiko fedha za msafiri hupotelea. Kwanza, chagua mwelekeo mmoja usiubadili: mimi hushauri "sarafu ngapi kwa dola moja", na kazi iwe kugawanya siku zote. Wabadili fedha hawatakusaidia katika hili. Kambisti wa Kasumbalesa anaweza kukutajia faranga kwa kwacha, anayekaa pembeni yake akataja kwacha kwa dola, na ukiandika namba hizo mbili katika safu moja utagawanya pale palipotakiwa kuzidisha. Zigeuze kabla ya kuziandika. Mathalani, kama dola yako moja ilikupa faranga 2,310, nawe ukanunua kwacha kwa faranga 105 kila moja, basi dola hiyo imezaa kwacha 22. Na ikiwa yule wa pembeni alikuwa akitoa kwacha 23 kwa dola, lahajedwali litakuonyesha papo hapo kwamba kupitia kwenye faranga kumekula kwacha moja ya kila dola.

Pili, kiwango cha kuandika ni kile ulichokipata wewe, siyo kile kilichosomwa redioni. Fungua ukurasa wa pili katika faili hilo hilo, uuite Mabadilishano, na uandike humo tarehe, ulichotoa na ulichopokea. Ukitoa dola 100 ukapewa kwacha 2,300, na huko Kapiri Mposhi ukatoa dola 50 ukapewa kwacha 1,120, umepata kwacha 3,420 kwa dola 150, na kiwango chako cha safari ni 22.8. Usijumlishe 23 na 22.4 ukagawanya kwa mbili, kwa sababu dola 100 na dola 50 hazina uzito sawa, utapata 22.7, na hesabu haitafunga.

Ukurasa huo wa pili una faida nyingine. Kubadilisha fedha si matumizi. Nimeona madaftari ambamo dola 100 zilizogeuzwa kuwa kwacha zimeandikwa kama gharama, halafu chakula na nauli zilizolipwa kwa kwacha hizo hizo zikaandikwa tena, na mwenye daftari akaamini ametumia mara mbili ya alichotumia. Yaliyobadilishwa yakae Mabadilishano, yaliyonunuliwa yakae Matumizi, yaani ukurasa wa kwanza, na kwacha ulizopokea ukiondoa kwacha ulizotumia zilingane na zilizomo mkobani jioni ya siku hiyo. Ukirudi mpakani na kwacha 228 zilizobaki, ambazo kwa 22.8 zilikugharimu dola 10, na kambisti akakupa dola 9 tu, ile dola moja ndiyo gharama halisi ya safari, nayo istahili mstari wake katika Matumizi.

Kuna pia jambo letu la hapa nyumbani: kulipa kwa dola na kurudishiwa faranga. Umenunua kitu cha faranga 37,000, umetoa noti ya dola 20, muuzaji amehesabu kwa 2,300 akakurudishia faranga 9,000. Andika mistari miwili ya tarehe moja: USD 20, halafu CDF −9,000, kwa kiwango hicho hicho cha muuzaji. Safu F itakupa dola 16.09, ambayo ndiyo bei, na hesabu ya kila sarafu mkobani itabaki sahihi. Ukiandika faranga 37,000 tu, lahajedwali litakudai faranga ambazo hukuzitoa na litakuachia noti ya dola ambayo huna tena. Upande wa Tanzania usumbufu huu umepungua, kwa sababu kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mistari ya Dar es Salaam iandikwe kwa TZS.

SWALI. Mwalimu, mimi husafiri Zambia kwa ajili ya kampuni ninayofanyia kazi. Njiani naandika matumizi kwenye simu, ambayo iko katika Kiingereza, kisha namalizia kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo iko katika Kifaransa. Nikiandika 22.80 kwenye kompyuta haijumlishwi, na nikiandika 22,80 kwenye simu nayo inakataa. Zaidi ya hayo, alama za kwacha na faranga nilizozipanga kwenye Excel zinapotea nikifungua faili kwenye Google Sheets.
*Kijana wa Ruashi*

JIBU. Kijana wangu, una matatizo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni nukta na mkato. Katika mpangilio wa Kifaransa desimali hutengwa kwa mkato na maelfu kwa nafasi. Katika ule wa Kiingereza desimali hutengwa kwa nukta na maelfu kwa mkato. Kompyuta ya ofisi ikiona 22.80 haiioni kuwa namba, bali huichukua kuwa maandishi, na wakati mwingine hudhani ni tarehe. Fomula ya jumla huruka maandishi bila kukuambia neno, na huo ukimya ndio hatari yake. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani kama kosa: andika 2.300 kwenye simu ya Kiingereza ukimaanisha elfu mbili na mia tatu, nayo itahifadhi mbili nukta tatu, itaiweka upande wa kulia kama namba halali, na kila mstari uliogawanywa kwa kiwango hicho utatoka mara elfu moja zaidi.

Dawa ni kutoandika kitenganishi cha maelfu kwa mkono hata siku moja. Andika 2300, umbizo litapanga nafasi au mkato lenyewe. Desimali ziandike kwa desturi ya kifaa kilichoko mkononi mwako wakati huo, kwa maana faili huhifadhi namba yenyewe, na namba iliyoingia vizuri kwenye simu kama 22.8 itajionyesha kama 22,8 ofisini bila wewe kugusa kitu. Kama kutembea kati ya desturi mbili kunakuchosha, kwenye Google Sheets unaweza kuingia katika mipangilio ya faili ukaweka mpangilio wa kieneo wa Kifaransa, na faili hilo litafuata mkato hata likifunguliwa kwenye kifaa cha Kiingereza.

Ili kuzigundua namba bandia zilizokwisha kuingia, ondoa mpangilio wa kulia na kushoto ulioweka mwenyewe: namba za kweli zitakimbilia kulia na maandishi yatabaki kushoto. Chunguza hasa viasi ulivyonakili kutoka kwenye ujumbe wa simu au risiti ya elektroniki, kama vile "K350" au "11 500 FC", kwa sababu herufi moja iliyoshikana na tarakimu, au nafasi isiyo ya kawaida katikati yake, yatosha kuigeuza namba kuwa maandishi.

La pili ni fupi. Excel inaruhusu sharti libadili umbizo la namba, lakini Google Sheets hairuhusu. Masharti yake hubadili rangi na mtindo wa maandishi peke yake. Kwa hiyo kwenye simu tegemea safu ya vifupisho, na uzipe sarafu rangi, kwa mfano kijani kwa ZMW na njano kwa CDF. LibreOffice Calc, ambayo haina malipo, hufika kule kwa njia yake: unaunda mtindo wa seli kwa kila sarafu, mtindo wenye umbizo lake la namba, kisha sharti linauita mtindo huo.

SWALI. Ndugu Mwalimu, mimi ni mtunza hazina wa chama kimoja cha Kampemba. Wajumbe wetu wakirudi safarini huleta matumizi ya sarafu mbalimbali, lakini ripoti yetu lazima iwe katika faranga za Kongo, kwa kiwango cha Benki Kuu. Wengine wananishauri nitumie fomula inayoleta kiwango chenyewe kutoka kwenye intaneti. Je, ni salama? Na kwa nini jumla ya Excel hupitana na kikokotoo changu kwa faranga moja au mbili?
*Mtunza hazina, Kampemba*

JIBU. Ndugu mtunza hazina, fomula hizo zipo. Google Sheets ina GOOGLEFINANCE, na Excel ya malipo ya kila mwezi ina aina ya data ya sarafu inayojijaza yenyewe. Kwa kukadiria bajeti kabla ya safari zinafaa sana. Kwa ripoti mimi sizishauri, kwa sababu kiwango kinachojibadilisha hubadilisha pia mistari ya zamani, na ripoti uliyoisaini Machi itaonyesha jumla nyingine ukiifungua Juni. Isitoshe, kiwango hicho si cha Benki Kuu ya Kongo, ambayo hutangaza chake yenyewe, na mkaguzi atakuuliza kuhusu hicho cha Benki Kuu.

Weka safu mbili za kiwango badala ya moja. Ya kwanza ibebe kiwango ambacho mjumbe alibadilishia kweli, nayo ndiyo itumike kumrudishia fedha zake au kumdai baki. Ya pili ibebe kiwango cha Benki Kuu cha tarehe ya matumizi, nayo itumike kwa ripoti peke yake. Tofauti kati ya jumla hizo mbili iandikwe mstari wake wazi, kama tofauti ya ubadilishaji, isifichwe ndani ya chakula au nauli. Ukiwa na jedwali dogo la viwango vya mwezi, RECHERCHEV, fomula ya kutafuta ndani ya jedwali, italeta kiwango kwa kufuata kifupisho cha sarafu, mradi umalizie fomula kwa FAUX. Ukiacha neno hilo, Excel hutafuta kinachokaribiana, na yaweza kukupa kiwango cha shilingi kwenye mstari wa kwacha. Mwezi ukifungwa, nakili safu ya viwango na uibandike kama thamani tupu juu ya fomula zake, ili isitikisike tena.

Kuhusu zile faranga mbili, Excel haikukosea, wala kikokotoo chako. Umbizo lisilo na desimali huficha desimali, haliziondoi. Mistari mitatu ya faranga 1,150.4 itaonekana kama 1,150 mara tatu, nawe utajumlisha 3,450, lakini Excel inajumlisha zilizofichwa pia, inapata 3,451.2 na kukuonyesha 3,451. Chama chenu kiamue desimali zikatwe wapi, kisha uweke uamuzi huo ndani ya fomula badala ya kuuachia umbizo. Kwa ripoti inayosomwa mstari kwa mstari na wajumbe wenye kalamu mkononi, zungushia kila mstari kabla ya kujumlisha, kwa =ARRONDI(D2*G2;0), ambapo G ni faranga za Benki Kuu kwa kila sarafu moja. Hapa mwelekeo ni kuzidisha, tofauti na safu ya dola niliyomweleza Mama wa Katuba, kwa hiyo andika "faranga kwa sarafu 1" katika kichwa cha safu G.